Mkazi wa Kudumu wa Santa Eufémia

Benguela, 3 Februari 1858

Mdogo wangu Anacleto,

Nyumba nzima inakusalimu, kuanzia Mama hadi mbwa. Mama sasa anaona kwa jicho moja tu, lakini hilo moja linamtosha kumwona kila anayepita mlangoni bila kuamkia. Anauliza kama huko Lisboa unakula. Nikamwambia unakula. Akauliza unakula nini, kwa hiyo uniandikie. Mimi ni mzima. Nashona mashati ya mabaharia.

Barua yangu ya Mei mwaka jana haijapata jibu. Huenda meli ilizama. Ile ya Agosti nayo huenda ilizama. Basi naandika mara ya tatu, na ukiipata hii nitajua kwamba Mfalme ana angalau meli moja inayoelea.

Mume wangu Bernardino amefariki. Alifariki kule Santa Eufémia tarehe 19 Machi 1857, siku ya Alhamisi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, siku ambayo maseremala hawashiki msumeno. Nilipomwosha, penseli yake ilikuwa bado sikioni. Unakumbuka alivyokuwa akiitafuta nyumba nzima, huku sote tukimtazama na kunyamaza? Safari hiyo niliitoa mwenyewe.

Tulikwenda kule watu thelathini na mmoja, kuanzisha mji wa Gavana Taveira. Mvua za Oktoba zilikuja na homa. Hadi Aprili tulikuwa tumezika kumi na wawili, na mwezi wa Mei sisi tuliobaki tukashuka pwani kwa miguu. Santa Eufémia leo hakuna hata paka.

Sasa shida yangu. Nilikwenda kwa Padre Crispim kuomba misa ya wafu. Akafungua kitabu cha vifo, akakifunga.

“Mama, siwezi. Ripoti ya Gavana inasema Santa Eufémia ina watu mia mbili na kumi na wawili, na vifo hakuna.”

“Padre, mimi ndiye niliyemzika.”

“Sikatai kwamba ulimzika. Ninachosema ni kwamba hajafa. Mshahara wangu unatoka serikalini, na serikali inasema hajafa.”

Hata nguo nyeusi amenizuia kuvaa. Anasema nikivaa nyeusi nitakuwa namkosoa Gavana kwa kitambaa.

Wewe unamjua Gavana Taveira kuliko sisi, ulikuwa karani wake hapa kabla hajakutuma Lisboa na ripoti hiyo mkononi. Unajua kwamba kabla ya kuja kwetu alitawala kisiwa kimoja huko Guinea ambacho maji yakijaa hakionekani. Hapa kwetu alizindua daraja moja mara mbili, Jumapili moja upande huu na Jumapili iliyofuata upande wa pili. Kwa ajili ya Santa Eufémia wamempandisha, yuko Luanda sasa, Gavana Mkuu wa nchi nzima. Mama anasema, “Yule kuku wake akitaga yai moja tu, anaandika majogoo kumi.”

Nawe una meza katika Wizara ya Bahari na Ng'ambo. Naomba kitu kimoja, mdogo wangu. Jina moja litolewe kwenye safu ya walio hai, liwekwe kwenye safu ya waliokufa. Nataka mume wangu asomewe misa. Sitaki kingine.

Dada yako,
Felismina


Lisboa, 20 Mei 1858

Dada yangu mpendwa Felismina,

Barua yako ya Februari imenifikia. Kuhusu hizo nyingine, bahari inajua yenyewe. Mwambie Mama nakula: supu ya kabichi, dagaa wa kuchoma, na yule samaki wa chumvi ambaye hapa humpika kwa namna mia, na zote huleta kiu. Mke wangu Eugénia anawasalimu. Mvua imenyesha siku kumi na nane mfululizo. Mwavuli wangu umechukuliwa na mtu wa hapa hapa Wizarani, namjua ni nani, lakini cheo chake kinazidi changu, kwa hiyo nimeamua umepotea.

Habari za shemeji zimenisikitisha sana. Alikuwa mtu mwema. Kiti alichonitengenezea nilipokuwa mwanafunzi kilikuwa kiti kizuri.

Lakini nikueleze mambo yalivyo huku, dada, maana kutoka Benguela hayaonekani. Ripoti ya Mheshimiwa Taveira ilisomwa Bungeni na kupigiwa makofi mara tisa. Nilikuwa juu kwenye roshani, nikahesabu. Magazeti yameiita Santa Eufémia bustani ya Ureno ng'ambo. Mheshimiwa anarudi mwezi ujao kugombea ubunge katika jimbo la kaskazini ambalo hajawahi kulikanyaga, na wazee wa chama wanasema hilo litamsaidia. Mtu wa namna hiyo hasahihishwi kwa barua ya mshona mashati, hata awe dada yangu.

Tena hiyo safu unayoitaja haipo. Jedwali lilipopelekwa kiwandani kuchapishwa, safu ya vifo ilionekana tupu na inakula nafasi, ikaondolewa. Hata kama ningetaka kumhamisha shemeji, sina pa kumhamishia.

Na nikuulize kwa upole, kwa kuwa faili nalo litauliza vivyo hivyo: una hakika kabisa? Homa za bara nasikia zina namna ya kumlaza mtu akaonekana kama ameshakwenda.

Watu wengine huko Benguela huenda wanasema kwamba fulani au fulani ndiye aliyeandika ripoti ile. Ripoti ni ya aliyetia saini. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Uwe na subira. Mwaka huu si mzuri kwa jambo hili.

Mdogo wako,
Anacleto


Benguela, 14 Agosti 1858

Mdogo wangu Anacleto,

Tumefurahi kusikia kwamba unakula. Mama amesema supu ya kabichi ni maji yaliyopitiwa na kabichi, na anataka kukutumia mawese kwa meli ijayo. Jirani yetu Dona Prudência amepata mjukuu, mwenye masikio ya babu yake, na babu amefurahi kupata mwenzake. Mbwa amekufa. Huyo amekufa kabisa, hakuna aliyepinga.

Umeuliza kama nina hakika. Nina hakika. Nilikuwa nimemshika mkono. Jeneza nililipigilia misumari mimi, kwa mbao alizozipasua mwenyewe za kutengenezea mlango wa kanisa, na nilizidisha upana wa kiganja kila upande, kama alivyokuwa akinifundisha, kwa sababu mbao huvimba kwa mvua. Halafu nikakaa hapo siku mbili. Mtu aliyelala tu huwa anaamka siku mbili zikipita. Waandikie hivyo hao wa faili.

Juu ya aliyeandika ripoti umesema mwenyewe, mimi sikuuliza.

Sasa sikiliza maajabu. Mwezi wa Juni alikuja askari na barua yenye mhuri: “Kwa Mheshimiwa Bernardino Sequeira.” Nikaifungua. Bernardino ameteuliwa diwani wa baraza la mji wa Santa Eufémia! Kumbe mahali hapawezi kuitwa mji bila baraza la watu watano wanaojua kusoma, na Gavana, kabla ya kuondoka Luanda, alichagua watano wake kwenye orodha. Wanne kati yao nimewazika. Wa tano ni mzee Silvério, fundi wa masufuria, ambaye yuko hapa hapa Benguela akiziba vitundu, na yeye ndiye Mwenyekiti. Alipopata barua yake alicheka hadi akaangusha nyundo. Halafu akaiokota, akauliza, “Sasa kikao nafanya na nani?”

Nikaenda na barua hiyo kwenye nyumba ya serikali. Katibu Gouveia ananijua, nimemshonea kola.

“Bwana Gouveia, mume wangu hawezi kuwa diwani.”

“Kwa nini, Dona Felismina? Hana mapenzi na nchi?”

“Amekufa.”

“Hilo haliwezekani. Madiwani huteuliwa katika walio hai.”

“Na mimi nasema amekufa.”

Akaweka kalamu chini, akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyemwaga maziwa. “Tazama, mama. Diwani hawezi kutoka madarakani hivi hivi tu. Kama hataki tena, kama ana sababu zake, basi alete barua ya kujiuzulu. Aitie saini mbele ya mashahidi wawili. Halafu akishajiuzulu tutaangalia hayo mengine.”

“Hayo mengine ndiyo yapi?”

“Hayo ya kufa.”

Makarani nyuma yake walicheka, mmoja akasema, “Mwambie shemeji apite hata jioni, tutamngoja.” Nilitoka na uso wangu mzima, lakini nilipofika nyumbani sikuweza kushona. Nilitunga uzi kwenye sindano mara tatu, na mara zote tatu uzi ulikuwa umeshapita, sikuuona.

Anacleto, ninapolala najiuliza yuko wapi. Sisemi kwa mafumbo. Walio hai wamemkatalia mahali kati ya wafu, na mimi najua hayuko kati ya walio hai. Nisaidie.

Felismina


Lisboa, 2 Novemba 1858

Dada yangu,

Leo ofisi zimefungwa kwa ajili ya siku ya marehemu wote, ndiyo maana nina nafasi ya kuandika. Eugénia amekwenda makaburini na shada la maua ya nta. Mawese yamefika, nusu yalimwagikia kwenye sanduku la nyaraka za serikali, na Mkurugenzi anasema tangu hapo nyaraka hizo zina harufu kuliko maana. Pole kwa mbwa.

Niliposoma barua yako ya Agosti

25 Novemba

Samahani, niliitwa. Wiki tatu hizi zilikuwa za mbio. Serikali imeanguka, nyingine imesimama, na Mheshimiwa Taveira sasa ni Waziri wetu wa Bahari na Ng'ambo. Hotuba yake ya kwanza ilichukua saa tatu. Aliitaja Santa Eufémia mara arobaini. Nami nimepandishwa, ni mkuu wa dawati la mabaraza ya miji. Kila barua ya baraza lolote la ng'ambo kwenda kwa Mfalme sasa inapita mezani kwangu, na kutoka kwangu inakwenda Bungeni kusomwa, kisha inachapishwa katika Gazeti la Serikali neno kwa neno. Hivyo ndivyo sheria isemavyo, neno kwa neno.

Kuna jambo Mheshimiwa analitaka, na ameniita mwenyewe kuniambia, akaniwekea mkono begani. Mfalme yuko tayari kumpa ukabaila. Ataitwa Visconde wa Santa Eufémia. Lakini kwa desturi, anayechukua jina la mji lazima mji wenyewe uridhie. Inatakiwa barua ya shukrani kutoka kwa baraza na wakazi. Kurasa mbili zinatosha.

Dada, mzee Silvério yuko hapo hapo. Wewe una mwandiko mzuri. Na kwa wale madiwani wengine, vyovyote itakavyokuwa, wewe ndiye unayeujua mwandiko wa Bernardino.

Najua ninachokuomba. Usifikiri sijui. Lakini Mheshimiwa akishapata cheo, moyo wake utakuwa laini, na ndipo nitamtajia jambo lako. Nakuahidi. Na tafadhali usiende tena kwenye nyumba ya serikali. Gouveia ameandika huku kwamba kuna mwanamke Benguela anayeeneza kwamba watu hufa.

Mbusu Mama.

Anacleto


Benguela, 6 Machi 1859

Mdogo wangu,

Mama hajambo, isipokuwa amekasirika kwamba mawese yake yamelambwa na serikali. Mjukuu wa Dona Prudência anakaa mwenyewe sasa. Mvua ni nyingi.

Barua yako nilikaa nayo wiki mbili. Halafu ikaja meli.

Ilishusha familia arobaini kutoka Madeira. Watu wa milimani, wenye kofia za sufu kwenye jua letu, na watoto, na mizabibu imefungwa kwenye vitambaa vilivyolowa. Nilikuwa ufukweni nikipeleka mashati. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akanishika mkono.

“Dada, Santa Eufémia ni njia gani? Wanasema ni siku nne.”

“Nani amewaambia mje?”

“Si hiki hapa!” Akatoa kikaratasi kilichochapwa kutoka ripoti ya Gavana, kimekunjwa hadi kimelainika kama kitambaa. “Mimi sijui kusoma, lakini nakijua chote, Padre wetu alitusomea kila Jumapili. Hebu nisomee tena, na mume wangu asikie, anaanza kuogopa.”

Nikasoma. Wakajikusanya, wanaume wamevua kofia. Nikasoma kuhusu udongo, kuhusu barabara, nikafika hapa: “Maji ya huko yana ubaridi wa mtungi uliolazwa kivulini. Asubuhi ukungu hukaa juu ya mto kama shuka ambalo mtu amesahau kulianua. Watoto waliofika na kikohozi wameacha kukohoa.”

Nikaishusha karatasi.

“Endelea basi,” yule mama akasema, “hapo ndipo pazuri.”

Anacleto, maneno hayo ni yangu. Ni barua yangu ya Julai 1856, nilipokuwa nimeolewa miezi minne na kufika kule wakati wa ubaridi, na nilikuwa na furaha, nikaona nimwandikie ndugu yangu. Bernardino alikuwa ameketi karibu nami akichonga mpini. Lile shuka nililosahau kulianua lilikuwa la kwetu. Alinitania juu yake siku nzima.

Sasa najua kwa nini barua zangu mbili zilizama.

Niliwaambia wale watu. Niliwatajia waliokufa, jina na mwezi, wote kumi na wawili, pale pale mchangani. Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, akanyang'anya kikaratasi mkononi mwangu, akamtazama mumewe, kisha akaanza kufungua mizigo. Wamebaki Benguela. Wanapanda mizabibu nyuma ya kanisa na inakufa. Gouveia aliniita, akanitisha na gereza, lakini gereza linavuja na mlinzi anajua mimi ndiye ninayemshonea, basi tukaachana hivyo. Naambiwa kwenye orodha mpya hao nao wameshafika Santa Eufémia, wote, na ng'ombe ambao hawakuwa nao.

Barua ya shukrani uliyoiomba ni hii, nimeifunga humu. Sikuiga mwandiko wa mtu yeyote. Silvério ametia saini peke yake, ni Mwenyekiti halali, mmempa mhuri wenyewe. Maneno nimeandika mimi, kwa kuwa inaonekana maneno yangu yanapendwa huko. Nayanakili hapa ili yasije yakazama:

“Kwa Mtukufu Mfalme. Sisi baraza na wakazi wa kudumu wa Santa Eufémia, yaani wale ambao tangu tulipofika hatujahama wala hatutahama, tunamshukuru Mheshimiwa Taveira kwa kutuleta hapa. Hatuna malalamiko. Hakuna mgomvi kati yetu, hakuna mlevi, hakuna aliyeomba ruhusa ya kuondoka. Tunaridhia achukue jina la mji wetu, kwa kuwa hapana mwingine anayelitumia. Tunamkaribisha aje kukaa nasi. Nafasi ipo, udongo ni mwepesi kuchimbika. Wakazi wenyewe ni hawa: Bernardino Sequeira, seremala, diwani, amelala mstari wa kwanza, wa tatu kutoka mtoni, tangu tarehe 19 Machi 1857…”

Na kuendelea hivyo, wote kumi na wawili, kila mmoja na mahali alipolazwa. Neno “amekufa” sikuliandika popote. Ningeliandika, mngeitupa.

Fanya nayo utakavyo. Ni mji wenu.

Felismina


Lisboa, 30 Juni 1859

Dada,

Hapa sote wazima. Joto limekuja ghafla na mji unanuka samaki. Eugénia amenunua kasuku ambaye anasema “karibu” kwa lafudhi ya Brazili.

Barua ya baraza ilifika tarehe 11 Mei. Kwa bahati mbaya, nilikuwa na kazi nyingi mno siku hiyo, na sikuisoma. Niliigonga mhuri na kuipeleka mbele kama zilivyo nyingine. Nataka ujue hivyo, na yeyote akikuuliza umjibu hivyo: Anacleto hakuisoma.

Ilisomwa Bungeni Ijumaa mchana. Karani msomaji alikuwa na mafua, akaisoma haraka kama mtu anayekimbilia choo. Wabunge walipoamka walipiga makofi mara sita. Waziri alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema hajawahi kupokea shukrani zilizomgusa namna ile kutoka kwa watu watulivu namna ile. Mfalme ametia saini. Sasa ni Visconde wa Santa Eufémia, ana ngao yenye mto na jembe, na barua yenu ameiweka ndani ya fremu ya dhahabu, sebuleni, ambapo wageni huipita wakielekea kwenye keki. Nadhani hakuna aliyeisoma hadi leo. Wanasema atapelekwa balozi Roma.

Mkurugenzi wangu aliisoma. Huyo mmoja tu. Alikuja nayo mezani kwangu baada ya kuchapishwa, akaiweka chini, akaondoka. Jumatatu nilihamishwa. Niko ghorofa ya chini kabisa sasa, kwenye ghala la nyaraka kuukuu, ambako hutunzwa vitabu vya hesabu ya watu wa ng'ambo yote. Hakuna dirisha. Panya hapa ni wazee kuliko mimi kazini.

Kuhusu ahadi yangu ya kumtajia jambo lako, sina tena njia ya kufika kwake. Samahani.

Barua zako za mwaka 1856 ninazo, zote saba. Nilitaka kukurudishia. Nimezifunga mara mbili na kuzifungua mara mbili. Sijui nikwambie nini, dada. Nilipoandika ripoti ile nilikuwa na miaka ishirini na mbili, Mheshimiwa alitaka kurasa nzuri kabla ya meli kuondoka, nami sikuwahi kufika kule, na katika nchi nzima hakuna aliyekuwa amepaandika vizuri kuliko wewe.

Nakutumia nakala ya Gazeti la Serikali.

Anacleto


Benguela, 18 Septemba 1859

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, na anasema ghorofa ya chini uvae soksi mbili. Sisi wazima. Mzabibu mmoja wa watu wa Madeira umeshika, mmoja tu, na wote arobaini wanaulinda kama mtoto wa mfalme.

Gazeti lilifika Agosti. Nililisoma nikiwa nimesimama sokoni, kwa sababu sikuweza kungoja. Kila neno liko kama nilivyoliandika, hata nukta. Isipokuwa mahali pamoja. Mimi niliandika, “Bernardino Sequeira, seremala, diwani, amelala.” Gazeti linasema, “Marehemu Bernardino Sequeira, seremala, diwani, amelala.”

Nilirudi kwenye nakala yangu. Neno hilo silo langu.

Nikaenda nalo kwa Padre Crispim. Akavaa miwani, akasoma mara mbili, akatazama mhuri wa taji juu ya ukurasa.

“Bila hili neno,” akasema, “ningekwambia kulala si kufa. Wengi hulala. Lakini hili ni Gazeti la Serikali.”

“Kwa hiyo serikali imemruhusu?”

“Imemruhusu, mama.” Akaona aibu, nadhani, alishika kalamu muda mrefu kabla ya kuichovya.

Ameandikwa kwenye kitabu. Misa ilisomwa leo asubuhi. Tulikuwa Mama, mimi, mzee Silvério na koti la kuazima, Dona Prudência na mjukuu, na yule mama wa Madeira aliyeninyang'anya kikaratasi. Alikaa nyuma, akaondoka bila kuaga. Nilivaa nyeusi. Nilikuwa nimeishona miaka miwili iliyopita na imenipwaya. Padre alipotaja jina lake na kusema apumzike, nililia kwa sauti, mpaka Mama akanishika goti akasema, “Lia, mwanangu, sasa ruhusa ipo.” Gouveia alipita nje na farasi wake, akavua kofia. Hakuwa na la kufanya, imeandikwa gazetini.

Kwa hiyo Visconde amepata mji wake, nami nimepata mume wangu aliyekufa. Yeye alitumia Wizara, Bunge na Mfalme. Mimi nimetumia neno moja la mtu nisiyemjua.

Barua zangu usinirudishie. Zisome. Uzisome kwa ajili yako mwenyewe safari hii, usinakili chochote.

Wewe unasema hukuisoma ile barua ya baraza. Sawa, nami nitasema hivyo kwa yeyote atakayeuliza. Lakini kuna mtu huko aliyeisoma, na akaona neno lililopungua, na akaliweka. Ukikutana naye kwenye ngazi za ghala lako, mwambie nimemshukuru. Halafu mwambie kwamba bado ana kazi. Wapo wengine kumi na mmoja, na vitabu walivyoandikwa humo kuwa wazima viko hapo alipo sasa, bila mlinzi ila panya. Wake zao na mama zao wameningoja leo nje ya kanisa, wakaniuliza mmoja baada ya mwingine, lini itakuwa zamu yao.

Majina nimeyaandika upande wa pili wa karatasi hii, kwa herufi kubwa, kwa kuwa umesema huko chini hakuna dirisha.

Dada yako,
Felismina, mjane wa Sequeira